Kioo cha bibi kwenye bafu jipya: kabla fundi hajatoboa marumaru

Nyumba ya bibi kule Mikindani inagawanywa. Mmoja anachukua kitanda, mwingine sanduku, sufuria zinakwenda kwa mashangazi. Kinabaki kioo. Ni kirefu kama mtu mzima, fremu yake ni mbao nzito iliyochongwa maua na majani, na juu kuna taji linalofanana na kilele cha mlango wa kale.

Hakuna anayekitaka, kwa sababu hakuna mwenye ukuta wa kukitosha. Mwishowe kinapakiwa kwenye guta kuelekea Mtwara mjini, kilomita kama 10, kwa binti wa familia ambaye ndiyo kwanza amehamia kwake Shangani.

Nyumba ni ya kisasa: bati la rangi, dari la jipsamu, madirisha ya aluminiamu. Sebuleni kabati la televisheni limemaliza ukuta. Chumbani kabati la nguo limefanya vivyo hivyo. Ukuta mtupu pekee uko bafuni, marumaru nyeupe kutoka sakafuni hadi darini.

"Mama watoto, kioo cha harusi ya bibi tukakitundike bafuni?" anauliza mume, nusu anacheka.

"Heri bafuni kuliko stoo," anajibu mke. "Stoo mchwa watakimaliza kabla ya mfungo ujao."

Kisa hiki ni mfano tu, lakini wazazi wengi wa mwambao wa kusini watajiona ndani yake. Nyumba za wazee zina vitu vikubwa vyenye nakshi, nyumba za watoto wao zina vyumba vidogo visivyo na nakshi yoyote. Kitu kikikosa pa kukaa huuzwa kwa bei ya kutupa, au huegemezwa mahali hadi siku mpira wa mtoto unapokipata.

Mume na mke wote wawili wana hoja. Kioo kama hicho kinaweza kukaa vizuri katika bafu jipya kiasi cha kumfanya mgeni achelewe kutoka. Kinaweza pia kuharibika ndani ya misimu miwili ya mvua, au kuanguka.

Hofu ya kwanza ya wengi ni kwamba kitu cha kale chenye nakshi hakitaendana na bafu jeupe lisilo na pambo. Hofu hiyo haina msingi, na ushahidi uko palepale kilikotoka kioo. Tembea Mikindani kwenye nyumba za mawe zilizobaki: ukuta ni wa chokaa, mtupu, na katikati yake kuna mlango mmoja uliochongwa. Lamu ni hivyo, Mji Mkongwe wa Zanzibar ni hivyo. Watu wa pwani hawakuchonga kila kitu. Walichonga mlango, wakauacha ukuta unyamaze ili mlango uonekane.

Ndani ya nyumba nako vioo vikubwa si vitu vya jana. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said wa Zanzibar, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886, alieleza vyumba vilivyopambwa kwa vioo vikubwa vilivyoagizwa Ulaya kwa vipimo vya kuta zenyewe. Kwa hiyo marumaru nyeupe za Shangani zinafanya kazi ileile ya chokaa ya Mikindani. Bafu lisilo na pambo ndilo linalokifaa kioo cha namna hii. Kinachoharibu ni kuongeza.

Na watu huongeza. Kioo kikishatundikwa, mtu ananunua bomba za rangi ya dhahabu ili zifanane na nakshi, kisha pazia la maua, kisha zulia dogo lenye marembo, kisha maua ya plastiki juu ya tangi la choo. Hapo kioo cha bibi kinakuwa bidhaa moja katika duka la vifaa vya harusi. Bomba za fedha zibaki za fedha. Pazia liwe la rangi moja, tena ile ya ukuta. Kama kuna kitu kimoja cha kukumbushia mbao ya fremu, kiwe kigoda cha mbao au kapu la ukindu la nguo chafu, basi.

Kuna swali linalotangulia yote hayo. Fremu nyingine za pwani zimechongwa maandishi ya Kiarabu ndani ya maua, na si kila anayerithi anajua kuyasoma. Mwiteni mtu anayejua ayatazame. Ikiwa ni aya au jina la Mwenyezi Mungu, mjadala umekwisha: kioo hakiingii mahali penye choo, kitafutiwe sebule hata kama kabati la televisheni litalazimika kuhama. Ikiwa ni maua matupu, endeleeni.

Sasa maji. Kioo ni bamba la glasi lililopakwa madini nyuma yake, na juu ya madini hayo rangi ya kuyakinga. Unachokiona ukijitazama ni yale madini. Njia ya kupaka fedha kwenye glasi ilibuniwa na mkemia Mjerumani Justus von Liebig mwaka 1835, na vioo vingi vilivyopo majumbani leo ni wajukuu wa kazi hiyo, kwa fedha au kwa aluminiamu. Glasi haina shida na maji. Madini ya nyuma ndiyo yenye shida. Unyevu hupenya kwenye kingo, ukafika kwenye fedha, na madoa meusi yakaanza kutambaa kutoka pembezoni kwenda katikati. Yakishaanza hayarudi nyuma.

Mtwara ina la ziada: chumvi. Upepo wa kusi hutoka baharini na kufika kwenye nyumba za ufukweni ukiwa na chumvi ndani yake, ndiyo maana misumari, bawaba na vitasa hushika kutu mapema. Kwa wanaokaa Msimbati au upande wa mdomo wa Mto Ruvuma, ambako bahari iko karibu na mlango, mambo ni magumu zaidi. Na nyumba inayotumia maji ya kisima yenye chumvi inaileta chumvi hiyo ndani ya bafu kwa bomba.

Mvuke wa maji ya moto, ambao mafundi wa nchi za baridi huuogopa, hapa si adui mkubwa. Joto la Mtwara halimfanyi mtu awashe hita, isipokuwa asubuhi za Juni na Julai watoto wanapochemshiwa maji ya kwenda shule. Adui wa hapa ni marusharusha. Bafu letu la kawaida halina kizuizi kati ya bomba la mvua, sinki na choo. Mtoto wa miaka mitano akioga, hata dari linaoga.

Kuna kipimo kisicho na gharama. Kata kipande cha boksi kavu, ukibandike kwa gundi ya karatasi mahali unapotaka kioo kikae, familia nzima ioge kama kawaida kwa wiki moja. Siku ya saba ligusa. Likiwa bado gumu na kavu, pale panafaa. Likiwa limelegea kama chapati ya jana, tafuta ukuta mwingine, au weka kizuizi cha glasi au pazia nzito kwenye eneo la kuogea, kisha urudie kipimo. Na dirisha lile dogo la juu, ambalo wengi hulifunga kwa sababu ya mbu, liwekwe wavu na liachwe wazi mchana kutwa.

Kabla ya kukisafisha, kuna jambo la usalama ambalo mzazi hapaswi kuliruka. Vioo vya zamani sana, vya kabla njia ya fedha haijaenea, vilitengenezwa kwa bati na zebaki. Uwezekano wa kioo cha familia kuwa cha aina hiyo ni mdogo, lakini kama ni cha vizazi vitatu au vinne, kigeuze na utazame. Dalili yake ni mng'ao wa kijivu uliofifia wenye vitone vinavyometameta, na wakati mwingine matone madogo ya fedha inayotiririka yaliyokusanyika chini ya fremu. Ukiona hayo, usikwangue, usifagie, usiwashe ufagio wa umeme. Watoto watoke, madirisha yafunguliwe, na kioo hicho kisiingie bafuni wala chumba cha kulala. Zebaki hugeuka hewa taratibu bila harufu, na watoto ndio wanaoumia zaidi. Fremu inaweza kuokolewa na kuwekewa glasi mpya, lakini kazi ya kutoa ile ya zamani si ya kufanywa uani na kijana wa mtaa.

Hata kioo cha kawaida chenye madoa meusi si lazima kibadilishwe. Hapa ladha za watu zinatofautiana, ila madoa ya pembezoni kwenye kioo cha miaka mingi ni kama mvi, na anayeyaona kila asubuhi huacha kuyaona ndani ya mwezi. Kibadilishwe pale tu uso unapokuwa hauonekani, au glasi ina ufa. Ufa haungojwi.

Tuje kwenye uzito, maana hapa ndipo ajali hutokea. Glasi ya unene wa milimita 6 ina uzito wa kilo 15 kwa kila mita moja ya mraba. Kioo chenye urefu wa mita 1.8 na upana wa mita 1.2, ukitoa upana wa fremu, kina glasi ya mita 1.5 za mraba hivi, yaani zaidi ya kilo 22. Fremu ya mninga na ubao wa nyuma vinaongeza kilo nyingine 20 na ushei. Ikiwa fremu ni ya mpingo, mbao inayozama majini kwa uzito, jumla inapanda zaidi. Kwa kifupi unatundika kitu kinachokaribia mfuko wa saruji, juu ya marumaru, juu ya kichwa cha mtoto.

Kwa hiyo ile waya ya zamani nyuma ya fremu ikatwe na kutupwa. Iling'inia Mikindani miaka yote, kweli, lakini haikuwa bafuni. Msumari wa zege peke yake hautoshi. Kinachofaa ni fundi kupasua ubao mmoja mgumu kwa mshazari, nusu moja ifungwe ukutani kwa bolti za kutanuka zisizoshika kutu, nusu nyingine ifungwe nyuma ya fremu, kisha fremu ining'inizwe mshazari juu ya mshazari. Uzito unagawanyika upana wote badala ya kuning'inia kwenye tundu moja. Chini kiwekwe chuma cha pembe kilichopakwa rangi ya kuzuia kutu ili kioo kiwe kimekalia kitu. Bolti nne ni kidogo, sita ni sawa.

Kabla ya kutoboa, mwulize fundi bomba na waya za umeme zimepita wapi. Kama hukupiga picha kuta kabla ya plasta, na wengi hatupigi, fuateni mstari kutoka bomba la sinki na kutoka swichi, mkwepe njia hizo. Marumaru hutobolewa kwa biti yake, taratibu, drili ikiwa haigongi. Kugonga kuanze biti ikishafika kwenye tofali. Kipande cha gundi ya karatasi kikibandikwa mahali pa tundu huzuia biti isiteleze. Tofali likitoa mchanga mkavu mwingi kuliko vumbi la saruji, simameni. Hilo ni tofali lililochanganywa kwa uchoyo na halitashika bolti. Itabidi nguzo za ubao zishuke hadi sakafuni, au kioo kihamie ukuta wa nguzo ya zege.

Nyuma ya kioo iachwe nafasi ya sentimita moja ili hewa ipite. Ukuta wa bafu hutoa jasho, na fremu iliyogandamizwa ukutani hunywa jasho hilo. Kingo za glasi zikingwe kwa silikoni, lakini si ile inayonuka siki, kwa kuwa tindikali yake hula madini ya nyuma ya kioo. Mwenye duka akisema zote ni sawa, fungua kifuniko unuse.

Kioo kikubwa hakikai juu ya sinki, ingawa ndipo kila mtu anapokipeleka kwa mazoea. Piga hesabu: sinki lina urefu wa sentimita 85, acha 20 za marusharusha, ongeza 180 za kioo, unapata mita 2.85. Dari la jipsamu katika nyumba nyingi liko chini ya hapo. Kukilaza ubavu kunawezekana tu kama fremu haina taji. Mlango uliolazwa ubavu hautazamiki.

Mahali pake ni ukuta wa pembeni ulio mkavu, kikianza sentimita 60 kutoka sakafuni. Kwa kipimo hicho baba anajiona mzima na mtoto wa miaka minne anaiona sura yake bila kupanda ndoo. Faida hiyo si ndogo, maana mtoto anayejiona hapandi kitu ili ajione. Juu ya sinki kibaki kioo kidogo kisicho na fremu cha kupigia mswaki, au pasiwe na kitu kabisa.

Kisha simama pale kioo kitakapokuwa, ugeuke, utazame kinachotazamwa. Kioo kikubwa hurudia kila kilicho mbele yake. Kikikabili dirisha, chumba kinapata mwanga maradufu na bafu la mita mbili linaonekana kama la nne. Kikikabili choo, mgeni atakaa akijitazama, jambo ambalo si la kumtakia mgeni. Na kwa kuwa maji hukatika, kila bafu la Mtwara lina pipa. Kioo kikilikabili pipa, mna mapipa mawili. Hamisheni pipa kwanza, kioo baadaye.

Kwa familia zenye watoto wadogo kuna nyongeza mbili ambazo hazina mjadala. Nyuma ya glasi ibandikwe plastiki nene ya kushikilia vipande, ili hata kikivunjika kisimwagike. Na kisiegemezwe ukutani kikisubiri fundi, hata kwa siku moja, hata kwa saa moja. Kilo 40 za kuegemea huhitaji kuvutwa kidogo tu na mtoto anayejifunza kusimama. Kikingoja, kingoje kimefungwa kamba kwenye nondo za dirisha katika chumba kinachofungwa kwa ufunguo. Safarini nako kisimame kwa ubavu wake, kibanwe kwa magodoro pande mbili. Glasi kubwa iliyolazwa kwenye guta hupasuka katikati kwenye tuta la kwanza.

Fremu yenyewe haihitaji mengi. Vumbi kwenye nakshi litolewe kwa mswaki laini mkavu. Ukikuta vitundu vidogo na unga unaodondoka kama wa muhogo, kuna wadudu ndani, na lazima watibiwe kabla kioo hakijaingia nyumbani, au watahamia kwenye vitanda. Ikishakauka jua la kivulini siku kadhaa, ipakwe vanishi isiyopenya maji, nyuma na kwenye kingo pia. Mafundi wengi hupaka mbele tu, na unyevu huingilia nyuma. Wazee watakaoshauri mafuta ya sifa, yale yanayopakwa majahazi, wasikilizwe kwa heshima na kutotiiwa. Yanafanya kazi, lakini bafu litanuka papa hadi mjukuu aoe.

Pale ua limevunjika au jani limepotea, Mtwara ina bahati ambayo mikoa mingine haina. Huku ndiko kwa Wamakonde, watu ambao uchongaji wao unajulikana duniani kote. Mpelekee mchongaji fremu nzima, si picha kwenye simu, ili aone mkondo wa mbao na kina cha patasi ya aliyemtangulia. Mwambie asiizeeshe mbao mpya kwa rangi. Itakolea yenyewe. Na rangi ya dhahabu ya kopo, ile inayouzwa madukani kwa ajili ya mageti, isiguse fremu hiyo hata kwa bahati mbaya.

Usafi wa kila wiki ni kitambaa kilicholowa kidogo kisha gazeti kuukuu. Maji yapulizwe kwenye kitambaa, si kwenye kioo, maana yanayotiririka huishia ukingoni chini ya fremu na kuanza kazi yao ya madoa. Dawa ya kung'arisha nguo ikae mbali.

Tena bafu lenyewe likiwa na upana wa mita moja na nusu, choo na bomba la mvua vikigusana, kipande cha boksi kimelegea siku ya pili, jibu ni hapana. Kioo kiende kwenye korido, juu ya ukuta ulio karibu na sinki la kunawia, ambako nyumba nyingi za pwani huweka maji ya kunawa kabla ya kula. Kanuni zote za bolti na chuma cha chini zinabaki vilevile. Bafuni kiingie kioo cha kawaida cha dukani.

Kwa wanaojenga sasa hivi, kuna njia nzuri zaidi ya zote. Kabla ya plasta, mwambieni fundi aache kina cha sentimita tano ukutani kwa vipimo vya kioo, kama kidaka kikubwa cha nyumba za zamani, na amwage zege nyuma yake. Kioo kitaingia ndani ya ukuta badala ya kuning'inia juu yake, marumaru zitaishia kwenye ukingo wa fremu, na mtoto hatakuwa na pa kushika. Vipimo vichukuliwe na mtu mwenyewe, kwa futi ya chuma, pande zote nne na katikati, kwa sababu fremu zilizochongwa kwa mkono huwa na upande mmoja mrefu kuliko mwenzake.

Siku ya kutundika waitwe watu wanne wenye nguvu na watoto wapelekwe kwa jirani. Kikishakaa, bolti zitazamwe tena baada ya mwezi mmoja, kisha kila kusi inapoanza kuvuma.